Kifaru cha Bati

Kazi inaanza na uzi. Fundi anachukua uzi wa kushonea magunia, anaulaza ubavuni mwa kifaru kidogo cha chuma kilichowekwa juu ya ubao, na pale bodi inapokomea anaubana kwa ukucha wa kidole gumba. Hapo anafunga fundo. Anaupeleka uzi kwenye bati lililonyooshwa, anaulaza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila unapokomea anatia nukta kwa ncha ya msumari. Rula anayo, imechomekwa kwenye fito za paa juu ya kichwa chake, ila haigusi. Anachotaka ni kifaru kikubwa mara tatu kuliko hiki, na kwa hesabu hiyo uzi unamtosha.

Kibanda chake kiko Chewele, katika kaunti ya Tana River, kando ya njia ambayo watu wa upande huu wa Bura huifuata kwenda mtoni. Riziki yake inatoka kwenye majiko ya makaa, vibatari, faneli za mafuta na ndoo zilizotoboka. Magari ya watoto huyatengeneza kazi ikipungua, na hayo ndiyo yaliyomletea jina: Canter zenye milango inayofunguka, mabasi yenye ngazi ya kupandia kwenye keria, trekta zinazokokota tela. Safari hii mpwa wake, aliyerudi likizo kutoka Doha, amemletea kitu kipya kwenye boksi. Ni kielelezo cha Archer, gari la deraya ambalo Waingereza walilitumia katika Vita vya Pili vya Dunia kuwindia vifaru vya adui, kimepunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 72. Hicho chenyewe kitakaa juu ya kabati. Mtoto wa mpwa huyo anatengenezewa kingine cha kukokota mchangani.

Kabla ya kukata chochote, fundi anakigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Ukucha wake unapita polepole chini ya bodi mpaka unakutana na mstari mwembamba, karibu usioonekana, na hapo anatikisa kichwa. Ameona kilivyotengenezwa. Ni chuma cha kusubu: zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, shaba na magnesi, ikayeyushwa kwenye joto linalokaribia nyuzi 400, kisha ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu yenye pande mbili. Baada ya sekunde chache kalibu hufunguka na bodi nzima hutoka na pembe zake zote. Mstari ule ni mahali pande mbili za kalibu zilipokutana. Ndivyo vilivyotengenezwa vigari vya Dinky vya Liverpool tangu miaka ya 1930, na ndivyo vigari vya namna hii vinavyotengenezwa mpaka leo.

Mtu anaweza kuidharau kazi hiyo, akisema ni ya mashine tu. Mimi siidharau. Kabla ya mashine kubofya kwa mara ya kwanza, kuna fundi aliyekaa na kipande cha chuma akaichonga kalibu, kila kitu kikiwa kinyume: kitakachochomoza amekichimba, kitakachobonyea amekiinua, na misumari ya deraya ambayo kwenye kielelezo ni vinundu visivyozidi kichwa cha pini ameichimba mmoja mmoja kama vishimo. Subira yake ilitumika mara moja, ikabaki ndani ya kalibu, ikazaa maelfu. Fundi wa Chewele hana kalibu. Subira yake ataitoa upya kwa kila gari.

Swali lake la kwanza ni kuhusu mzinga. Amekwisha kutambua kiti cha dereva kiko upande gani, na ameona mianya ya kutolea joto la injini upande wa pili. Lakini mtutu mrefu umelala juu ya injini, umeelekea nyuma.

"Dereva anatazama huku, mzinga unatazama kule," ananiambia. "Wamekosea kuunganisha?"

"Hapana, Mzee. Ndivyo lilivyokuwa lenyewe."

Namweleza ninayoyajua. Waingereza walikuwa na mzinga mkali wa ratili 17, wenye tundu la milimita 76.2, uliotoboa deraya nene za vifaru vya Wajerumani. Ulikuwa na uzito wa takriban tani 3, na kuukokota kwenye matope au kuusogeza kwa mikono ilikuwa adhabu. Wakaamua kuupandisha juu ya kifaru cha zamani, Valentine, ambacho kilikuwa kidogo na chepesi. Wangeuelekeza mbele, mtutu ungechomoza mno na gari lingeelemewa upande mmoja. Wakaugeuza. Kampuni ya Vickers iliunda zaidi ya magari 600 ya namna hiyo, yakaingia vitani Ulaya mwishoni mwa mwaka 1944, na baada ya vita mengine yakaenda Misri, iliyoyatumia katika mapigano ya Suez mwaka 1956.

Fundi anasikiliza huku kidole kikiufuata mtutu. "Basi akishapiga anaondoka bila kugeuka," anasema, na hilo ndilo jambo ambalo wanajeshi wenyewe waliligundua na kulipenda. Gari lilijificha, likapiga, likaenda zake mbele kwa gia ya kawaida.

Archer halikufika hapa. Vita vyenyewe vilifika. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wa King's African Rifles, waliondokea upande huu wa Mto Tana kuwaingilia Waitalia waliokuwa Somalia. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu kabla ya mwezi huo kwisha. Malori na magari ya deraya yalikata nchi hii hii ya vichaka na udongo mwekundu, miaka mitatu kabla ya Archer la kwanza kutoka kiwandani.

Bati linatoka kwenye madebe ya mafuta ya kupikia ya lita 4. Fundi huondoa mfuniko na kitako kwa tindo, akigonga kidogo kidogo kuzunguka ukingo, kisha hupasua debe pale lilipounganishwa ili asipoteze upande hata mmoja mzima. Mafuta yaliyobaki huyasugua kwa majivu makavu, kwa sababu risasi ya kulehemu haishiki penye mafuta. Halafu anazilaza karatasi hizo za bati juu ya kipande cha reli na kuzinyoosha kwa nyundo ya mti, si ya chuma. Nyundo ya chuma, anasema, hulivimbisha bati, na bati lililovimba halirudi. Anaanzia katikati akienda pembeni, kwa mapigo mepesi yanayofuatana, na kila mara anainua karatasi hadi usawa wa jicho kuona kama mwanga unateleza juu yake bila kukwama.

Upande wenye maandishi na picha ya alizeti unageuzwa kuwa wa ndani.

Kukata ndiko kunakomtofautisha fundi na mwenye haraka. Mkasi wa bati ukifungwa mpaka mwisho, ncha zake huacha kijino kidogo kilichochongoka, na kila ufungapo unaongeza kingine. Yeye hafungi. Hukata hadi karibu na ncha, anasimama, anasukuma mkasi mbele, anaendelea, na ukingo unatoka mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nje ya mstari wa kukatia ameacha upana wa ukucha. Upana huo ataukunja na kuulaza ndani, ili popote mkono wa mtoto utakapopita usikutane na bati tupu. Magari mengine ya bati niliyoyaona sokoni hayana mkunjo huo. Yanauzwa bei rahisi, nayo hukata vidole.

Bodi ya Archer haina mapaa mengi. Juu iko wazi, sanduku lisilo na mfuniko ambamo watu wanne walifanya kazi, na kwa mtengenezaji wa bati hilo ni jambo la heri. Ugumu uko kwenye mteremko. Sehemu ya juu ya bodi imelala kidogo kuelekea ndani, na mbele imelala zaidi. Fundi anachukua kipande cha boksi, anakikata taratibu kwa wembe huku akikijaribu kwenye kielelezo, mpaka kinakaa kwenye pembe hiyo bila mwanya wa mwanga kupita. Kisha anakipeleka vilevile, bila kukiongeza chochote, kwenye bati lake kubwa. Urefu anauzidisha kwa tatu, upana kwa tatu, kimo kwa tatu, ila pembe haizidishwi. Nilimuuliza nani alimfundisha hilo. Alinijibu kwamba ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya mabomba, na bomba lililopinda hupinda hivyo hivyo, liwe jembamba au nene.

Mistari ya kukunjia anaichora kwa msumari, mkwaruzo mwepesi usiotoboa. Analaza mstari kwenye ukingo wa reli, anabonyeza kwa viganja viwili, na bati linasalimu amri kwa urefu wake wote kwa pamoja. Nyundo inakuja baadaye, kuinolea pembe tu. Vipande vinasimama kimoja baada ya kingine: mbavu mbili, mbele, nyuma, sakafu, na lile sanduku la juu. Anavishikilia kwa waya mwembamba, akivijaribu, akivifungua tena. Ubavu wa kulia umezidi wa kushoto kwa unene wa uzi. Anautoa, anautia tupa, anaurudisha.

Kulehemu kunafanyika asubuhi, kabla upepo haujaanza kuchezea moto. Makaa ni ya mathenge, mti wa miiba ulioletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuni zipatikane, na ambao sasa umefunga njia na mashamba. Lawama zake ni nyingi, lakini makaa yake ni mazito na hayarushi cheche. Ndani ya moto kuna kipande cha shaba nyekundu kilichochongwa ncha na kufungwa kwenye mpini wa chuma. Mjukuu anapepea. Fundi anaitazama rangi ya moto pembezoni mwa shaba, na ukijani unapoanza kuonekana anaitoa. Ikikaa zaidi itaungua, na risasi itakimbia juu yake badala ya kushika. Anaigusisha risasi, ncha inang'aa, na bila kupoteza muda anaipitisha kwenye kiungo ambacho amekwisha kukipaka dawa kwa unyoya wa kuku. Haiendeshi mbio. Anangoja bati lenyewe lipate joto, kwa kuwa risasi hufuata joto, na ghafla unaona mstari wa fedha ukiingia wenyewe kwenye mwanya na kuujaza. Kiungo kinakuwa chembamba, hakina matone. Anapumua, anarudisha shaba motoni.

"Babu, tayari?" mjukuu anauliza, mkono umechoka.

"Bado pembe ya nyuma. Pepea."

Kisha magurudumu, na hapa ndipo nilipomheshimu kuliko mahali pengine popote. Kwa mbali, magurudumu sita ya kila upande wa Archer yanaonekana sawa. Hayako sawa. Valentine ilikuwa na la kwanza na la mwisho makubwa, na manne ya kati madogo, yakiwa yamefungwa matatu matatu. Kwenye kielelezo tofauti hiyo ni ndogo mno. Fundi aliiona kabla sijaitaja. Alichukua vipande viwili vya bomba la maji, kimoja cha inchi moja na kingine cha robo tatu, akavinoa midomo kwa tupa mpaka vikawa visu vya duara, kisha akavigongea kwenye soli za ndara zilizochakaa. Kila pigo likatoa duara la mpira, bluu kwa makubwa, kijani kwa madogo.

Kupata katikati ya duara bila bikari ni kazi inayowashinda wengi. Yeye anakata duara la karatasi lenye ukubwa uleule, analikunja mara mbili, analifungua. Pale mikunjo inapokatana anatoboa kwa sindano, anaiweka karatasi juu ya mpira na kupitisha sindano. Kila gurudumu linazunguka bila kuyumba. Ekseli ni spoki za baiskeli.

Inabaki kutoboa mashimo ya ekseli kwenye mbavu. Mtu wa kawaida angechora mstari mmoja ulionyooka na kuyatoboa yote juu yake, halafu angeshangaa magurudumu madogo yakining'inia hewani. Fundi anausimamisha ubavu kwenye ubao, anapanga magurudumu yote sita yakiwa yamegusa ubao, na anatia alama katikati ya kila moja palepale lilipo. Mashimo ya madogo yanakuwa chini kidogo ya mashimo ya makubwa. Ukiyatazama peke yake yanaonekana yamekwenda kombo. Yanapopata spoki na magurudumu, gari linakaa chini kwa miguu yake yote kumi na miwili.

Magurudumu ya mwisho mbele na nyuma, yale yaliyoinuka yasiguse ardhi, anayachonga kwa kisu kutoka mti wa mathenge. Hayo hayakumchukua muda.

Mnyororo ulimchukua. Kifaru hutembea juu ya mnyororo, na fundi angeweza kukata ukanda wa mpira akauzungusha, mtoto asingelalamika. Yeye alikata ukanda huo kutoka kwenye tyubu ya pikipiki, upana wa sentimita moja na nusu, kisha akaanza kuuvisha bati. Alikata vijiti vya bati vyembamba, kila kimoja na upana wa nusu sentimita, akavilaza vimekingama juu ya mpira na kukunja ncha zake mbili chini ili ziushike. Kijiti kimoja. Kando yake anaweka mti wa kiberiti, analaza kijiti cha pili, anakunja, anauondoa mti, anausogeza. Mwanya wa mti wa kiberiti ndio unaouwezesha mnyororo kupinda. Vijiti vikigusana, ukanda unakuwa ubao. Kila upande unataka zaidi ya vijiti 80.

Nilimtazama alipokuwa kwenye kazi hii, na hakuna kilichobadilika kwenye mikono yake kutoka kijiti cha kwanza hadi cha mwisho. Koleo lilishika pale pale, mkunjo ulikuwa na urefu ule ule, kiberiti kilisogea. Watu walipita wakamsalimu, akaitikia bila kuinua kichwa. Mama mmoja alileta jiko lililokatika mguu; akaliunga, akapokea pesa zake, akarudi kwenye mnyororo na kuanzia alipoachia. Mjukuu alijaribu vijiti vichache mwishoni. Kimoja kilikaa upande. Babu yake hakusema kitu. Alimpa koleo, akamwonyesha kwa kidole, na mtoto akakifungua mwenyewe akakikunja upya.

Mzinga ulikuwa wepesi baada ya hapo. Antena ya redio iliyokufa ina mirija inayoingiana, mmoja mwembamba kuliko mwingine, na mtutu wa ratili 17 nao ulikuwa mnene kwenye shina na mwembamba kwenye mdomo. Alikata kipande chenye mirija mitatu, akakipima kwa uzi wake, na mdomoni akafunga nati ya valvu ya baiskeli kuwa kile kichwa kinachopunguza mshindo wa mzinga. Shina likaingia kwenye kitalu cha mti ndani ya sanduku, likishikwa na msumari mmoja, ili mtutu uinuke na kushuka.

Rangi alichanganya mwenyewe: kijani iliyobaki kutoka kwenye mlango wa duka, na udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa kuizima ng'aro. Kijani ya Archer ilikuwa ya kuchakaa, si ya majani mabichi. Alipaka mkono mmoja mwembamba, akaacha ukauke, akapaka wa pili. Misumari ya deraya hakuipaka kitu. Alikuwa ameigonga mapema kutoka ndani kwa msumari butu, nundu moja moja kwa safu, na sasa rangi ilipokaa juu yake kila moja ilipata kivuli chake.

Siku ya kukijaribu alifagia mchanga mbele ya kibanda na kuchora mstari kwa kijiti. Akakifunga kamba, akampa mjukuu aivute. Kifaru kilikwenda, minyororo ikazunguka na kulia kwa sauti nyembamba ya bati, nacho kikaanza kuvutika kushoto, taratibu, mpaka kikauacha ule mstari. Fundi alikwisha kuona kabla hakijafika nusu ya njia. Alichuchumaa, akabonyeza mnyororo wa kulia kwa kidole, kisha wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa umekaza zaidi, ukilizuia gurudumu lake la mbele kuzunguka sawasawa. Akaufungua, akauongezea kijiti kimoja na mpira wa upana wa kijiti hicho, akaufunga.

Mara ya pili kilikwenda juu ya mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, mtutu ukitazama nyuma kulikobaki alama mbili za minyororo, sambamba, kila kijiti na chapa yake mchangani. Mpwa alipokuja kukichukua aliviweka vyote viwili ubaoni, cha kusubu na cha bati, akavizunguka akitafuta kilichosahaulika. Akauliza kama anaweza kupata na cha pili, cha rafiki yake wa Doha. Fundi akamwambia alete madebe mawili ya lita 4 na ndara pea moja, zisiwe zimelika sana kisigino.